Klachi ya Marehemu Idefonsi

Pikapu ya marehemu Idefonsi ilifika senta ya Benaco ikivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mchanga. Usukani kashika fundi Matiasi. Pembeni yake alikaa mjane wa marehemu, Kalista, kajifunga kitenge cheusi, mkono mmoja kaung'ang'ania mlango utadhani gari litamtupa. Fundi ilimbidi aifuate mwenyewe kijijini, upande wa Rulenge, maana pale nyumbani hapakuwa na mtu wa kuigusa. Aliyejua kuiendesha alikuwa amebaki mmoja tu, Keza, binti wa marehemu, na huyo ndiye ambaye watu walisema asiiguse tena maisha yake yote.

Watu, bwana! Wakipata la kusema hulala nalo na kuamka nalo. Walisema hivi: Idefonsi alibanwa na kifua akichimba mashimo ya migomba, Keza akampakia kwenye pikapu kumkimbiza hospitali, na walipofika kilima cha Murukoro mtoto wa kike akaikanyaga klachi mpaka ikaungua. Gari likagoma. Idefonsi akakata roho palepale mlimani. Hadithi hiyo ilianzia kisimani, ikaenda gulioni, na Jumapili ikawa tayari imekaa kwenye ngazi za kanisa. "Si tulisema? Usukani na msichana wapi na wapi!" Nduwayo, kaka mkubwa wa marehemu, aliisikia kama wengine, na hakuikanusha. Alisema tu kwamba neno lake atalisema siku ya kuondoa matanga.

Hapo ndipo palipomkosesha Kalista usingizi. Kwa watu wa vilima vile, tangu mtu azikwe jembe la nyumba yake haliingii shambani, mpaka siku ukoo unapokusanyika, pombe ya ndizi inatolewa, na kila mwenye neno juu ya marehemu analisema mbele ya wote. Nani mrithi, nani alimkosea, nini kilimwondoa. Pombe ikishanyweka, basi. Lililosemwa limesemwa, na ambalo halikusemwa halifufuliwi. Jina utakalopewa siku ile utazikwa nalo. Na siku yenyewe ilikuwa kesho yake, Jumamosi.

Keza hakujitetea hata kwa neno moja. Mama yake alimuuliza mara ngapi sijui, "Ilikuwaje, mwanangu?" Jibu lilikuwa lilelile: "Gari lilikataa, mama." Halafu anainama, anaendelea na kazi. Alikuwa amehamia jikoni kabisa, anakula humo, analala humo, na alishafunga nguo zake kwenye mfuko. Matanga yakiondolewa, alisema, anakwenda Biharamulo kutafuta kibarua, na wasimngoje. Kalista alikuwa amezika mume. Hakuwa tayari kumzika na mtoto aliye hai. Ndiyo maana alimwita fundi: alitaka kujua, kabla ya Nduwayo kusimama, kama kweli mguu wa mwanawe ndio ulioua.

"Mama Keza, shikamoo tena," Matiasi alisema walipoingia uani kwake, akamwekea kigoda kwenye kivuli cha bati. "Lakini hii kazi ni ya kutwa. Giaboksi lazima ishuke. Si bora ungekaa kwa mama mmoja hapo barabarani, upate chai?"

"Marahaba. Nitakaa hapahapa."

"Kuna grisi."

"Grisi haijawahi kuua mtu, fundi. Fungua."

Matiasi akacheka kidogo, akajizuia alipokumbuka kile kitenge cheusi. Hakumbishia tena. Kwao hao mafundi wa Benaco, kifaa kikuukuu hutolewa mbele ya macho ya mwenye gari na kukabidhiwa mkononi mwake. Fundi anayekwepa hilo huitwa mwizi, hata kama amefunga spea mpya tupu. Basi akaingia chini ya gari na spana zake. Malori ya mpakani Rusumo yalipita barabarani yakitikisa ardhi, vumbi likatua juu ya kigoda, juu ya kitenge, juu ya magoti ya Kalista. Hakujipangusa.

Giaboksi iliposhuka, ilitoka harufu. Si ya mafuta. Ni ya kitu kilichoungua siku nyingi na kufungiwa. Kalista aliijua mara moja, kwa kuwa siku ya msiba nguo za Keza zilinuka vivyo hivyo, na shingo yake, na nywele zake. Akaziba pua kwa upindo wa kitenge, na moyo wake ukamwambia: ni kweli, basi. Ameiunguza.

Matiasi akatoka na pleti ya klachi, kile chuma cha mviringo kilichokaa kama sahani, akaifuta kwa kitambaa. Akaigeuza. Akaenda nayo juani, akaigeuza tena, kisha akarudi akachutama mbele ya Kalista. Uso ulikuwa umembadilika.

"Mama, angalia hapa. Pleti ikiwa mpya, pande zote mbili ina nyama, unene kama wa biskuti. Hiyo nyama ndiyo inayoshikana na injini, gari likaenda. Mtu akiiunguza kwa safari moja, inakuwa nyeusi, inapasuka, ila nyama ipo. Sasa hii nyama yake iko wapi?"

Kalista akapitisha kidole. Aligusa chuma kitupu, na vichwa vilivyosagika vya ribiti, ile misumari inayoishika nyama, vikang'aa.

"Sema Kiswahili cha kawaida, fundi. Mwanangu ameiua au hakuiua?"

"Hakuiua. Aliikuta maiti." Matiasi akaweka pleti chini. "Hizi ribiti zilikuwa zinakwaruza chuma kwa chuma kwa miezi. Kwenye tambarare utajivuta tu, hujui kitu. Kwenye mlima, injini inalia, gari limesimama. Hata mimi siku ile ningeshindwa kuipandisha Murukoro. Hata nani."

Kalista alifumba macho. Alishukuru Mungu kwa sauti, akajipiga kifuani, na machozi yakamtoka mbele ya kijana yule wa watu bila aibu yoyote. Mwanangu, alisema. Mwanangu mimi.

Angeishia hapo ingetosha. Lakini mtu mwenye furaha huwa na maswali mengi. "Sasa nani aliimaliza hivi?"

Matiasi akajikuna shingo kwa mpini wa spana. Akamweleza, si kwa kupenda. Hendibreki ya pikapu ile ilikufa zamani. Idefonsi akisimama mlimani kupakia mtu au mkungu, alilishikilia gari kwa klachi, mguu nusu chini nusu juu, injini ikinguruma, mpaka abiria apande. Na huko kwao hakuna mahali pa kusimama pasipo na mlima. "Sisi wa huku wote ndivyo tulivyojifunza, mama. Anayeweka jiwe nyuma ya tairi anachekwa kwamba hajui gari." "Nilimwambia. Nilisikia inateleza, nikamwambia mzee, niachie hii gari. Spea nikazileta kabisa, hizo hapo kwenye boksi. Akasema anakuja. Halafu akapiga simu, fundi, wiki hii imekuwa ngumu. Nikasema haya. Tena sikumsikia."

"Alijua?"

"Alijua."

Loo, hasira iliyomshika Kalista! Kumkasirikia marehemu matanga yangali mbichi ni dhambi na ni mwiko, lakini alimkasirikia. Huyo ndiye Idefonsi wake, wa kesho na kesho kutwa. Paa la jiko alisema kesho mpaka majani yakaota humo ndani. Meno yake alisema kesho mpaka yakang'oka yenyewe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ya kwake imeua, tena imemwachia mtoto wa watu mzigo wa kuitwa muuaji wa baba yake. Ukoo wote utaiona pleti hii, aliapa. Nduwayo akisimama na mimi nasimama.

Alasiri klachi mpya ilikuwa imekaa. Matiasi akaijaribu barabarani, akarudi akitabasamu, akampakia Kalista ampeleke. Pleti kuukuu ilikuwa mapajani pa mama huyo, imefungwa kwenye gazeti. Walipofika njia ya nyumbani, hakuteremka.

"Nipandishe Murukoro kwanza."

Pikapu ilipanda. Haikulia, haikutetemeka, ilipanda tu taratibu kama gari lolote la watu wenye bahati. Kalista alikuwa hajafika pale tangu siku ile. Wakati mume wake anakufa yeye alikuwa Biharamulo, kwenye harusi ya mdogo wake, akicheza. Alikuja kuletwa akakuta maiti imeshaoshwa. Sasa karibu na kilele alimsimamisha fundi, akashuka. Kulikuwa na jiwe kubwa katikati ya njia ya tairi, mtu kalikokota kutoka mtaroni kulizuia gari lisirudi nyuma, mburuzo wake bado ulionekana kwenye ukingo wa udongo. Kalista akalijaribu kwa mikono miwili. Halikusogea. Keza alizitoa wapi nguvu za kulivuta, peke yake, baba yake anakoroma kwenye kiti? Na ng'ambo ya bonde mabati ya hospitali yalionekana wazi, ungedhani ukiita watakuitika. Alilia pale mpaka Matiasi akashuka akamshika mkono.

Keza alikuwa jikoni, anamenya ndizi za wageni wa kesho. Kalista hakusubiri hata salamu. Akafungua gazeti, akaiweka pleti juu ya maganda.

"Hii hapa. Fundi kaniambia yote. Si wewe, mwanangu. Ilikuwa imekwisha zamani, na baba yako alijua, akaambiwa aipeleke, akafanya mambo yake yale ya kesho. Kesho nasimama mbele ya baba yako mkubwa na mbele ya ukoo mzima nawaambia nani aliyeua klachi."

Alitegemea mtoto ataanguka kifuani pake. Keza aliiangalia pleti, kisha akaichukua haraka na kuificha nyuma ya mafiga.

"Usiseme, mama."

"Nisiseme! Una wazimu? Waendelee kukuita muuaji?"

"Waniite. Mimi naondoka. Nakuomba, mama, nakupigia magoti, usiipeleke hiyo kitu mbele za watu. Wataanza kuuliza."

"Waulize! Waulize kwa nini mtu mzima anaambiwa gari lako bovu analala!"

"Baba hakulala!" Ilikuwa mara ya kwanza Keza kupandisha sauti tangu msiba. Kisu kilikuwa bado mkononi mwake, akakiweka chini. "Baba hakulala, mama. Alikuwa anakwenda. Jumatatu ile alikuwa ameshawasha gari aende Benaco. Mimi nilikuwa namfungulia lango. Wewe ukatoka ndani. Ukamwambia nini?"

Kalista akaegemea mlango.

Alikumbuka. Vipi asikumbuke? Harusi ya Anatory, mdogo wake wa mwisho, ilikuwa wiki ile. Idefonsi alikuwa amesema, mama Keza, mtatangulia na basi, gari nalipeleka kwa fundi. Na yeye akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Basi? Nishuke kwenye basi na kapu kichwani mbele ya dada zangu wote, waseme nimeolewa na fukara? Leo hata gari lako nalo limekuwa la kuombwa? Akasema mengi. Mengine hayafai kurudiwa. Idefonsi akacheka kile kicheko chake cha kushindwa, akazima gari. Kesho yake wakapakia mikungu ya ndizi na madumu ya pombe, mpaka pikapu ikakaa chini nyuma, wakaenda nayo Biharamulo, mlima baada ya mlima. Kalista alishuka kiti cha mbele, dada zake wakimwona, kama mke wa mkubwa. Walimpigia vigelegele. Idefonsi akarudi peke yake kuangalia ng'ombe, na hakupata tena nafasi ya kwenda Benaco.

"Gari lilipogoma," Keza alisema, sasa kwa sauti ya chini, "baba alikuwa anaongea bado. Nililia nikasema baba nimeliunguza. Akasema hapana, ni ile safari ya harusi iliyolimaliza. Halafu akanishika hapa." Akagusa kiwiko chake. "Akasema, mama yako asijue. Mwambie tu gari lilikataa. Akijua hatapona."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, watu husema, na Kalista alikuwa amekwenda Benaco kumtua mwanawe mzigo, kumbe mzigo wenyewe ulikuwa wake tangu mwanzo. Mtoto aliubeba kisimani, akaubeba gulioni, akaubeba kanisani watu wakimnyooshea vidole, na alikuwa tayari kuondoka nao mpaka Biharamulo. Kalista alikaa juu ya maganda ya ndizi. Hakulia. Kuna aibu inayokausha hata machozi.

Jumamosi ukoo ulijaa uani. Waliotoka Rulenge walikuja, waliotoka Mabawe walikuja, na Anatory alikuja kutoka Biharamulo na mke wake mpya, nguo zao bado zina mikunjo ya kabati. Sala ikasaliwa. Vibuyu vya pombe vikawekwa katikati na kufunikwa kwa majani. Keza alikaa nyuma kabisa, karibu na zizi. Madeni yakasemwa, ng'ombe wakatajwa, na mwisho Nduwayo akasimama, mzee mrefu, mkongojo mkononi, akakohoa.

"Lipo neno la kifo chenyewe," alisema. "Ndugu yangu hakufia kitandani wala hospitalini. Alifia njiani, na kila mtu hapa amesikia kwa nini."

"Shemeji, samahani," Kalista alisema. "Nitangulie."

Mjane hamkatizi kaka wa marehemu, siku ile kuliko siku zote. Minong'ono ikapita. Kule nyuma Keza alisimama, akatikisa kichwa kwa nguvu, mama, hapana. Kalista alimwona. Alimwona na akaendelea, kwa sababu angemtazama zaidi asingeweza.

Akaitoa pleti ndani ya kitenge, akainyanyua kwa mikono miwili. Akasema yote. Alisema fundi aliona nini. Alisema Idefonsi aliwasha gari Jumatatu aende Benaco, na nani alisimama mlangoni, na alisema nini, hata yale yasiyofaa kurudiwa aliyarudia, kwa maana yalikuwa ndiyo yenyewe. Alisema hajui mikungu ilikuwa mingapi, lakini yote ilikuwa ya kuwatambia dada zake. "Mtoto huyu aliyajua haya siku ileile mlimani. Baba yake alimwambia anifiche, naye akanificha. Mlimwita muuaji akanyamaza. Mkitaka kuita, niiteni mimi. Niko hapa."

Anatory alikuwa amekodoa macho. "Dada," alisema, "kwa hiyo ni harusi yangu?"

"Harusi yako haina kosa, mdogo wangu. Kosa ni kiburi changu."

Anatory akainuka. Alimshika mke wake mkono, wakapita katikati ya watu, wakatoka langoni bila kuaga. Kalista aliwaangalia mpaka wakapotea migombani. Alijua vizuri Biharamulo wangefika na hadithi gani, na dada zake wangeifanya nini. Mwanamke aliyekaa naye mkeka mmoja akavuta upindo wa nguo yake, akajisogeza pembeni. Na mwingine akajisogeza.

Nduwayo alikuwa bado amesimama. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Nilikuwa na neno," alisema. "Sina tena." Kisha akauliza lile swali linaloulizwa kila matanga kabla ya pombe kuguswa. "Aliyemfumba macho ndugu yangu ni nani?"

Swali hilo alikuwa amekusudia kuliruka, na watu wote walijua. Anayemfumba macho marehemu ndiye anayekunywa wa kwanza.

"Ni mimi, baba mkubwa," Keza alisema.

"Njoo, mwanangu. Njoo unywe."

Akaja. Alipita katikati ya wale wale waliomsema, nao wakakunja miguu kumpisha, wengine wakitazama chini. Nduwayo akamshikia kibuyu kwa mikono miwili, kama anavyoshikiwa mtu mzima, naye akapiga magoti akavuta mrija. Ukoo ukaitika. Imekwisha, haifufuliwi.

Kalista alikuwa peke yake kwenye mkeka. Ng'ombe haelemewi na nunduye, alijiambia, lakini alielemewa, tena sana, na akajua ataelemewa kesho na mwaka kesho. Hakuna aliyempelekea pombe. Ndipo Keza alipopita mbele ya wanawake wote, akaja akakaa ubavuni pake, bega kwa bega.

"Nilikuambia usiseme," mtoto alinong'ona. "Nilimwahidi baba."

"Najua. Baba yako alinihurumia mimi. Na wewe ulinihurumia mimi. Sasa wewe nani angekuhurumia?"

Keza akaficha uso kwenye kitenge cheusi cha mama yake na kulia kwa sauti kama mtoto mdogo. Watu walikuwa wanatazama. Kalista akamkumbatia, akawaacha watazame.